Mkasi wa Nguo Haukati Karatasi

Mjukuu wangu,

Ile karatasi uliyoniachia nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nimeisomea barazani kwa miwani ya jirani, maana yangu uliikalia Ijumaa, ukasema "samahani Babu," ukaondoka. Nimeelewa wanachokitaka hao wenye maonyesho: ukurasa mmoja unaosema wewe ni nani, umetokea wapi, na kazi zako huzitoa wapi, waubandike ukutani pembeni ya sanamu zako. Nawe ukaanza hivi: "Mimi ni msanii wa tamaduni nyingi." Hapo nikaiweka chini, nikamwita muuza kahawa.

Uongo hujasema. Mama yako ni Mbondei wa Muheza, na kwa bibi yake ana Udigo. Mimi baba yangu alikuwa Mshihiri aliyeshuka na jahazi akauza kahawa hapa hapa mjini, mama yangu Msegeju wa Moa. Marehemu bibi yako, Mungu amrehemu, kwa baba Mngazija na kwa mama Mmanyema. Lakini mke wangu wee (nakutania, na mwenye haki ya utani huo ni mimi peke yangu), hapa Ngamiani utamshangaza nani? Anzia Barabara ya Kwanza mpaka ya Ishirini na Moja, gonga mlango wowote uulize kabila. Utaletewa kigoda ukae, kwa sababu jibu ni refu. Reli iliyoanza kutandikwa hapa Tanga mwaka 1893 iliukata mji vipande viwili: upande wa bahari wenye ofisi na majumba ya wakubwa, upande huu wetu. Waliokuja kutandika reli yenyewe, waliokuja kukata mkonge, waliokuja kufungua maduka, wengi wao walilalia huku. Hata uwanja wetu wa mikutano unaitwa Tangamano. Mtu wa hapa kujitangaza kuwa amechanganyika ni sawa na mchemsha chumvi kutangaza kuwa anakaa karibu na bahari.

Nikupe kisa changu, ambacho baba yako hakijui, na usimwambie.

Ushonaji nilifunzwa Pangani na mzee mmoja mkali wa maneno, mwepesi wa mkono. Nilipokuja kujitegemea huku Ngamiani nilikuwa kijana, nina cherehani ya miguu ya mkopo na kibaraza cha kupanga. Siku hizo kila kitu cha Mombasa kilikuwa na bei yake. Basi nami nikatafuta ubao, nikauandika kwa rangi nyekundu: FUNDI KUTOKA MOMBASA. Mombasa nilikuwa nimefika mara moja, siku mbili, kwenye msiba. Wateja wakaja. Siku moja akaja mzee na kitambaa chake, akataka kanzu. Nikapima, nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Alipokuja kuichukua hakuivaa, wala mbele hakupatazama. Aliigeuza ndani nje, akakaa kwenye benchi, akapitisha kidole gumba juu ya mshono taratibu kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Kisha akaniuliza, bila kuinua uso, kama yule fundi wa Pangani hajambo.

Masikio yalinichemka. Kumbe mwalimu wangu alikuwa na tabia yake: ukingo hukunjwa mara mbili, na kabla ya kukata uzi unarudi nyuma mishono mitatu, kwa sababu, alisema, nguo ya mtu wa pwani inafuliwa kwa maji ya kisima chenye chumvi na uzi usiofungwa hautafika Idi. Nilikuwa naifanya bila kufikiri. Yule mzee alilipa pesa yake yote, akasimama, akaugonga ule ubao wangu kwa bakora mara mbili, akaenda zake. Jioni ile niliushusha. Ukawa mlango wa banda la kuku, na kuku hawakuwahi kuuliza lolote kuhusu Mombasa.

Kwa hiyo Jumamosi, ulipokwenda sokoni Mgandini na kuniacha na sanamu zako chumbani, nilifanya kama yule mzee. Nilichukua ile ya mwanamke aliyebeba mzigo kichwani, nikaigeuza. Usikasirike. Kwa mbele ni kazi ya kushika moyo. Umeujua uzito wa mzigo: shingo imeingia kidogo ndani na kiuno kimekwenda pembeni, kama anavyotembea mtu aliyebeba ndoo ya maji akijua bado njia ni ndefu. Karatasi uliyoirowesha ukaikandika juu ya fito za chelewa imekauka vizuri, na vipande vya kanga vimekaa begani kama vilizaliwa hapo. Ila kwa nyuma umepaka gundi ukabandika kitambaa cheusi kizima, kufunika pale karatasi inapokutana na nguo. Kwa nini? Karatasi ilivutika ikikauka, kanga ikakataa, ikabidi uishone kwa sindano kubwa ya kushonea magunia. Niliupapasa uzi chini ya kitambaa. Hapo ndipo ulipopigana na kazi yako ukashinda. Na hapo ndipo ulipopaficha.

Katika huo ukurasa umemtaja Lubaina Himid, nami kwa kuwa umemtaja nimemfuatilia kwenye simu ya baba yako mpaka chaji ikaisha. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikuwa mtu wa Komoro, akafariki mtoto akiwa na miezi michache, na mama, Mwingereza, akarudi naye kwao. Huyo mama alikuwa mbunifu wa vitambaa. Binti akakulia Uingereza akizungukwa na nguo, akasomea mambo ya mapambo ya jukwaa, na mwaka 2017, akiwa na miaka 63, akapewa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kisha Uingereza ikamteua aiwakilishe kwenye maonyesho makubwa ya Venice ya mwaka 2026. Wewe umeandika kuwa amekuvutia kwa sababu naye ni "wa pande mbili". Mimi kilichonikalisha kitako ni kingine.

Ana kazi moja ya mwaka 2004 iitwayo Naming the Money. Ni watu 100 wa mbao, waliokatwa kwa kimo cha binadamu, wamepakwa rangi za kung'aa: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wafunza mbwa, wachezaji, wachora ramani. Ni watumwa wa majumba ya kifahari ya Ulaya. Unapita katikati yao kama unavyopita katika harusi. Kila mmoja mgongoni amebandikwa kipande cha karatasi kama ya daftari la hesabu: jina lake la kwao na jina alilopewa na waliomnunua, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na kazi anayofanyishwa sasa. Huwezi kuisoma mpaka uzunguke nyuma. Himid angeweza kuyaandika hayo kwa herufi kubwa ukutani, msomaji ayamalize ndani ya dakika moja akatazame kingine. Ameyaweka mgongoni, akamlazimisha mtu ainame nyuma ya kila mmoja.

Na amechora kanga pia, kanga kwa maana yetu, zenye pindo, mji wa katikati, na jina, yaani maneno yake. Hilo halinishangazi. Mtoto wa mbuni vitambaa aliyezaliwa Unguja asipofika kwenye kanga angefika wapi? Ila nilipofika ulipoandika kuwa kanga ni "urithi halisi wa Kiafrika usiochanganyika" mkononi nilikuwa na kikombe na nikamwaga. Umejishonea kamba ya kujinyongea. Mwanzo wa ukurasa unajisifia kuchanganyika, katikati unataka kanga isiwe imechanganyika! Muulize muuza nguo yeyote mkongwe. Walikuwepo wanawake wa pwani waliovaa merikani, shuka nyeupe iliyotoka Marekani ikabaki na jina la kwao, na kaniki ya buluu nzito kutoka India. Zikaja leso za mkononi ambazo jina lake tulilichukua kwa Wareno. Kina mama wakazinunua zikiwa bado hazijakatwa, wakaunganisha tatu na tatu wakapata vazi. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuzileta zikiwa zimechapwa nzima. Jina la kanga, wazee husema, ni la yule ndege mwenye madoa. Mombasa, Kaderdina Hajee Essak akafungua duka lake mwaka 1887, na kwenye kanga zake, pembeni ya jina, utakuta chapa ya Mali ya Abdulla. Maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi tunazotumia. Kanga zimechapwa Uingereza, Uholanzi, Japani, India, na baada ya Uhuru na kwetu Dar es Salaam, pale kiwanda cha Urafiki. Na ni yetu. Imekuwa yetu kwa sababu mwanamke wa Mombasa, wa Unguja na wa Tanga ndiye aliyeamua pindo liende wapi na neno liseme nini, na akakataa kununua isiyompendeza. Andika hivyo kama unataka kuandika juu ya kanga. Andika nani aliikataa.

Sasa nije kwa huyu mwingine, Rosemary Karuga, ambaye umempa mstari mmoja tu na mimi ningempa nusu ya ukurasa.

Alizaliwa Meru, Kenya, mwaka 1928, baba Mganda, mama Mkenya. Unaona, naye wa pande mbili, na sijaona popote alipolifanya hilo kuwa bidhaa. Alikwenda Makerere kati ya mwaka 1950 na 1952, wakati msichana kusomea sanaa ilikuwa kitu cha kuitia watu waje watazame, na akawa mwanamke wa kwanza kumaliza masomo ya sanaa pale. Alijifunza uchongaji na ufinyanzi wa sanamu. Kisha? Kisha akarudi nyumbani, akaolewa, akafundisha shule, akalea. Miaka zaidi ya 30. Sijui kama unaisikia hiyo miaka, wewe ambaye juzi ulilia kwa sababu kazi moja ilikataliwa. Alipostaafu, miaka ya 1980, akataka kurudi kwenye kazi ya mikono na hakuwa na vifaa wala pesa ya kuvinunua. Akatazama alichonacho jikoni. Makaratasi ya sabuni ya Rexona, mifuko ya unga, magazeti. Akayachana vipande vidogo vidogo, akabandika, zikatoka sura za kina mama, mbuzi, kuku, watu wa kijijini kwake wakiwa kwenye shughuli zao. Ukizitazama karibu unaona herufi za sabuni kwenye shavu la mtu. Nairobi akafanya kazi Paa ya Paa, nyumba ya sanaa iliyoasisiwa mwaka 1965 na ambayo Elimo Njau, Mchaga wetu wa Marangu, ameitumikia maisha yake yote. Mwaka 1990 kazi zake zikaonyeshwa Harlem, New York, na picha zake zikapamba kitabu cha yule Mnigeria Amos Tutuola, kile cha mnywaji wa tembo. Alifariki Ireland Februari 2021, ana miaka 92.

Ninalotaka ulitazame ni hivi: mwanamke aliyefunzwa kuchonga sanamu hakupata udongo wala jiwe, akachonga kwa karatasi ya sabuni. Ukitazama zile picha zake, mikunjo ya nguo ina kivuli, bega lina mviringo. Ule mkono wa uchongaji haukwenda popote kwa miaka 30. Ulikuwa unangoja kitu cha kushika.

Wewe umeandika kuwa vitu vinavyokuchochea ni "bahari, maumbile na roho ya Afrika". Bahari ipi, mwanangu? Ya Raskazone au ya Sahare? Maji yakijaa au yakikupwa? Bahari ikikupwa Sahare ina harufu, ina wanawake wanaoinama kutafuta chaza, ina matope yanayong'ang'ania mguu. Na hiyo roho ya Afrika mimi katika miaka yangu sijakutana nayo hata stendi. Ngoja nikukumbushe wewe unatoka wapi, kwa kuwa nilikuwepo.

Ulikuwa na miaka saba. Ulitaka kurusha tiara kama wavulana wa mtaa wa nyuma, na wao wakakucheka. Ukaja kwangu. Wakati ule karatasi zangu za vipimo nilizikata kutoka mifuko ya saruji, ule ubavu wa ndani ulio safi. Kola, mikono, mgongo wa kanzu, zote zilining'inia msumarini. Ukaniibia mgongo wa kanzu wa mteja mnene kuliko wote. Chelewa ulizichomoa kwenye fagio la bibi yako. Gundi ulichukua ubwabwa uliobaki sufuriani ukausaga kwa kidole. Mkia ukachana upapi wa kanga kuukuu. Tiara haikuruka, maana karatasi ya saruji ni nzito na chelewa ulizifunga zote nne badala ya mbili. Ilipanda mpaka kwenye mabati ya jirani ikajilaza. Ukapanda ukaishusha, ukaikalisha kwenye kiti barazani, ukaivisha kofia yangu, ukaipa chai. Wapita njia wakawa wanaisalimia. Bibi yako akaicheka mpaka akafuta machozi, kisha akadai fagio lake.

Karatasi, chelewa, kanga, gundi ya jikoni. Una miaka 24 sasa na bado unatumia vitu vile vile vinne. Ukurasa wako, ukiacha hiyo kanga, hauna hata kimoja kati ya hivyo.

Kuna na mkonge. Nimeona umeanza kuchanganya singa za mkonge kwenye karatasi uliyoirowesha, na hapo nakusifu bila utani. Mmea huo wenyewe ni mgeni kama sisi. Asili yake Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. Safari ikawaua karibu wote, vikafika vizima 62, vikapandwa upande wa Pangani. Kutoka hivyo 62 yakatoka mashamba yote ya Tanga uliyoyaona, na zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka ilipofika miaka ya 1960, na watu waliochukuliwa kutoka Songea, Kigoma, Burundi na Msumbiji kuja kukata majani yale yenye miiba. Babu zake bibi yako kwa upande wa mama walikuwa kati ya waliobaki baada ya mkataba kwisha. Jani la mkonge ukilipitisha kwenye mashine ya korona, singa ni sehemu ndogo sana, kama nne tu katika mia. Mengine yote ni maji na makapi ya kijani yanayonuka. Kwa hiyo unapotumia singa unatumia kitu adimu hata kama kimelala chini bure. Zikate fupi, urefu wa ukucha. Zichemshe na magadi mpaka zilegee, kisha zitwange kinuni, usizisage kwa mashine ya juisi ya mama yako. Ameniletea mashtaka tayari. Zikitwangwa zinachanika ncha na kushikana zenyewe, karatasi inakuwa ngumu haichaniki ovyo. Zikisagwa zinakatika tu.

Na gundi yako ya unga mende wanaipenda kuliko wewe. Tanga hii ina unyevu mwaka mzima. Masika yakifika, karatasi iliyobandikwa kwa unga mtupu inaota ukungu ndani ya wiki. Tia mrututu kidogo sana kwenye uji wa gundi, vaa mipira mikononi, na hilo sufuria lisirudi jikoni tena, ulichore alama. Sanamu usiziegemeze ukutani. Ziinue na matofali, hewa ipite chini. Haya ya mende na matofali nayaweka mbele kuliko mengi niliyokwisha kusema, kwa sababu sanamu iliyoliwa haina tamaduni nyingi wala moja.

Jambo jingine halitakupendeza. Ule ukili unaopita kiunoni mwa yule mwanamke wako wa karatasi hukuusuka wewe. Umesukwa na yule mama wa nyuma ya msikiti, anayechana miyaa kwa ukucha wa kidole gumba na kuitia rangi katika debe la mafuta. Ulimlipa, najua, nilikuona. Lakini ukurasani umeandika "nimetumia ufumaji wa asili". Asili ni nani? Ana nyumba, ana mguu unaomsumbua, ana jina. Uganda kuna bwana Sanaa Gateja, mzaliwa wa Kisoro mwaka 1950, anayekata karatasi zilizotupwa kuwa pembetatu nyembamba, anazikunja kuwa shanga, na kuzishonea kwenye nguo ya magome ya mutuba. Ile nguo haifumwi kabisa, gome linapondwa kwa nyundo ya mti mpaka linapanuka, na ufundi huo wa Waganda UNESCO waliutambua mwaka 2005. Huyo bwana aliwafundisha wanawake wengi kukunja hizo shanga, na wao ndio wamezikunja kwa maelfu. Mtu akisimama mbele ya kazi yake anasimama mbele ya vidole vyao pia. Nawe mwandike yule mama wa ukili. Muulize kwanza kama anataka, na kama anataka liandikwe jina lake au la mwanawe, maana wengi wa rika lake hupenda kuitwa kwa mtoto.

Usidhani nakukataza kusema umechanganyika. Wakikuuliza, na watakuuliza, hasa wageni, kwa sauti ile ya huruma kidogo, asili yako hasa ni wapi, wewe waeleze. Ila usiwaeleze ili wanunue. Nimewaona vijana wengine hapa mjini wakiisimulia ile hesabu ya mababu kama mchuuzi anayeita abiria, na kazi zao ukizigeuza hazina mshono, zimebandikwa tu.

Sasa nimefika pale ambapo sikutaka kufika, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kukuita.

Ile kanga uliyoikata kwa ajili ya bega la yule mwanamke, niliijua kabla sijaigusa. Rangi ya machungwa na nyeusi, pindo la mikorosho. Uliitoa kwenye sanduku la bibi yako bila kuomba. Shangazi yako amekwisha kusema yake na sina haja ya kuyarudia. Mimi nilikaa na ile sanamu chumbani mpaka adhana ya alasiri.

Kanga ile bibi yako aliinunua mwaka mmoja tulipokosana. Sababu ya ugomvi nimeisahau, jambo ambalo yeye angesema ndilo lililokuwa ugomvi wenyewe. Hatukusemezana siku nne. Siku ya tano akatoka chumbani ameivaa, akanipita pale kwenye cherehani, akageuka taratibu ili nilisome jina nyuma. Neno lenyewe silitaji hapa. Alikuwa akiniambia mimi. Niliikata suruali ya mtu vibaya siku hiyo, nikalipa kitambaa kipya.

Na wewe, kwa mkasi wako, umekata katikati ya jina. Nusu imebaki begani mwa sanamu, nusu sijui iko wapi. Nililisoma lile lililobaki mara mbili, nikaanza kucheka peke yangu, maana ile nusu inasema kinyume kabisa cha alichokusudia. Ingekuwa ndiyo aliyonivalia siku ile, tungepatana kabla ya kahawa. Nikaibandua kidogo ile gundi yako ya nyuma, nikatazama. Umeishona kwa mkono. Ukingo umeukunja mara mbili, na mwisho wa uzi umerudi mishono mitatu. Sijawahi kukufundisha hilo. Nadhani ulikuwa unatazama tu, chini ya meza, siku zile ukiokota vitambaa.

Doti ni nguo mbili. Wewe ulichukua moja kwa kuwa hukujua kuwa ya pili haikuwa kwenye sanduku lake. Ilikuwa kwenye langu. Iko nzima, ina jina lote. Njoo Jumapili baada ya alasiri, shangazi yako atakuwa Muheza. Kitambaa cheusi cha nyuma tutakitoa, na ule mshono tutauacha uonekane. Nataka na mimi nishike sindano kidogo, macho yakikubali.

Lakini njoo na mkasi wako. Wangu huu ni wa nguo, una miaka 50 na haujawahi kugusa karatasi, na wewe najua mara nikigeuka utaukatia mfuko wa saruji. Na miwani ukipita kwa fundi usisahau. Nimelipa nusu.

Babu yako.